IJUE NGOZI YAKO: UGONJWA UMEKAA TABAKA GANI?



Wapendwa wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia kiungo ambacho kila mmoja wetu anakiona kila siku, lakini ni wachache wanaokifahamu. Kiungo hicho ni ngozi. Tumewafikiria hasa wakazi wa Wesha, bandari ndogo iliyo magharibi ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, kwa sababu pale ngozi inafanya kazi ngumu. Mvuvi hulowa maji ya chumvi usiku na kukaukia juani mchana. Mchukuzi hubeba magunia begani. Kina mama huingia baharini maji yanapokupwa, na msimu wa karafuu ukifika huzianika kwenye majamvi kutwa nzima juani. Lakini tutakayoyasema yanahusu familia zote za parokia zetu, za visiwani na za bara.

Katika nyumba nyingi kuna tyubu moja ya dawa ya kupaka iliyonunuliwa dukani. Tyubu hiyo hupita mkono kwa mkono: leo anapakwa mtoto mwenye mba, kesho baba mwenye vidole vilivyochanika, keshokutwa dada mwenye chunusi. Ikimsaidia mmoja, husifiwa. Isipomsaidia mwingine, tunasema ana damu mbaya, au amerogwa.

Somo letu lina jambo moja la kukumbuka. Ngozi si kitu kimoja; ina tabaka mbalimbali, na kila ugonjwa una tabaka lake. Dawa isiyofika pale ugonjwa ulipo haiponyi, na dawa kali ikipakwa mahali pasipo pake huharibu. Na liko baka moja la ngozi ambalo haliumi wala haliwashi. Kwa sababu hiyo watu hulipuuza, na kumbe ndilo la kukimbilia hospitali upesi.

NGOZI NI KIUNGO KAMILI

Tukitaja viungo vya mwili, wengi tunataja moyo, maini, figo na mapafu. Ngozi tunaisahau kama mtu anavyoisahau nguo aliyoivaa. Kumbe ngozi ni kiungo kikubwa sana. Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa ingefikia meta za mraba 1.5 hadi 2, yaani kama mkeka wa kulalia.

Kazi zake ni nyingi. Inazuia maji ya mwili yasitoke ovyo na vijidudu visiingie. Inautoa mwili joto kwa njia ya jasho. Kwa msaada wa jua inatengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Tena ndiyo inayotujulisha moto, baridi, maumivu na mguso wa mtu anayetupenda.

Kwa macho matupu hatuoni kwamba ngozi ina tabaka. Ilibidi kungoja hadubini, chombo cha kukuzia vitu vidogo sana. Mmoja wa madaktari wa kwanza kuchunguza mwili kwa hadubini alikuwa Marcello Malpighi wa Italia (1628–1694). Mwaka 1661 alieleza mishipa midogo kabisa ya damu, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona kabla yake. Aliichunguza ngozi pia, na sehemu ya chini ya ngozi ya juu ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1691 Papa Inosenti wa 12 alimwita Roma awe daktari wake.

NGOZI YA JUU: PAA LA MAKUTI

Tukianza kutoka nje, kwanza tunakuta ngozi ya juu. Ni nyembamba mno. Kwenye kope unene wake ni kama sehemu 5 za 100 za milimita, na unyayoni hufikia kama milimita 1.5. Haina mishipa ya damu, ndiyo maana mkwaruzo mdogo hauvuji damu.

Sehemu yake ya nje kabisa tunaweza kuifananisha na paa la makuti. Makuti yamekauka na yamekufa, lakini kwa kuwa yamelaliana moja juu ya jingine, mvua haipiti. Vivyo hivyo ngozi ya nje imeezekwa kwa chembe zilizokufa, bapa, zilizolaliana, na kati yake yamo mafuta yanayozuia maji. Kila siku chembe za juu hupukutika bila sisi kuona. Chini kabisa ya ngozi hiyo ya juu zipo chembe hai, au seli kama watoto wanavyofundishwa skuli, ambazo hugawanyika na kuzaa nyingine. Seli changa husukumwa kwenda juu taratibu, zikikauka na kuwa ngumu, hadi nazo zinakuwa makuti ya paa. Safari hiyo huchukua kama wiki nne. Kwa hiyo paa letu huezekwa upya karibu kila mwezi. Pale linaposuguliwa sana, kama kiganja cha mvuta kamba au mvuta makasia, mwili huongeza makuti, nayo ndiyo sugu.

Katikati ya seli za chini zimo seli za rangi. Hizi hutengeneza chembechembe nyeusi ziitwazo melanini na kuzigawia seli jirani, kama miavuli midogo ya kuzuia jua. Jambo la kustaajabisha ni kwamba idadi ya seli za rangi kwa Mwafrika, Mzungu na Mwarabu ni karibu sawa. Tofauti ipo katika wingi na ukubwa wa chembechembe zinazotengenezwa. Ndugu zetu wenye ualbino nao wanazo seli hizo. Zimeshindwa tu kutengeneza melanini ya kutosha. Wanaodharauliana kwa rangi waelewe kwamba wanabishania unga mwembamba mno.

NGOZI YA KATI: KAMBA ZA USUMBA

Chini ya paa ipo ngozi ya kati, ambayo ni nene na yenye nguvu zaidi. Imefumwa kwa nyuzi ngumu. Kina mama wanaosokota kamba za usumba wataelewa kwa urahisi: uzi mmoja wa usumba hukatika, lakini ukisokotwa na wenzake unafunga jahazi. Nyuzi za ngozi ya kati nazo zimesokotana, ndiyo maana ngozi huvutika na kurudi bila kuchanika. Mtu akizeeka, au akichomwa na jua miaka mingi, nyuzi hizo hulegea na ngozi hukunjamana.

Humo ndimo mlimo na mishipa ya damu, mizizi ya nywele, tezi za mafuta, tezi za jasho zipatazo milioni 2 hadi 4, na mishipa ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo. Chini yake lipo tabaka la mafuta, godoro linalotukinga tunapoanguka na kuhifadhi akiba ya chakula.

Sasa tuyaangalie magonjwa, tukiteremka kutoka juu kwenda chini.

MAGONJWA YA PAANI: MBA, CHOA NA MAPUNYE

Mba huletwa na fangasi wanaoishi juu ya ngozi ya karibu kila mtu. Joto na jasho vikizidi, fangasi hao huongezeka na kuleta madoa meupe au ya kahawia kifuani, mgongoni na shingoni. Hauui wala si alama ya uchafu. Dawa ya kupaka inatosha kwa wengi, kwa kuwa ugonjwa uko juu kabisa. Lakini tahadhari: fangasi wakishakufa, rangi ya ngozi huchukua miezi kadhaa kurudi. Wengi huona madoa bado yapo, wakadhani dawa imeshindwa, wakatafuta kali zaidi bila sababu.

Choa ni fangasi wa aina nyingine. Hufanya duara lenye ukingo unaowasha, na katikati panaonekana kupona. Nacho hutibika kwa dawa ya kupaka, lakini uendelee kupaka wiki mbili hivi baada ya duara kutoweka.

Mapunye ya kichwani yanawatatiza wazazi wengi. Mama anapaka dawa kila siku, lakini nywele zinaendelea kukatika. Sababu ni kwamba fangasi ameingia ndani ya unywele hadi kwenye mzizi wake, na dawa ya kupaka haimfikii. Mtoto anahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, kwa cheti cha mganga. Vitana, kofia, vitambaa vya kichwa na mashine za kunyolea zisichangiwe bila kusafishwa.

Harara ya watoto wachanga si fangasi. Ni njia za jasho zilizoziba kwa joto. Dawa yake ni kumvisha mtoto nguo nyepesi na kumwogesha maji ya baridi kiasi. Kumrundikia poda na mafuta kunazidi kuziba njia.

UPELE: UGONJWA WA NYUMBA NZIMA

Upele huletwa na mdudu ambaye hafiki hata nusu milimita. Jike huchimba njia ndani ya paa la makuti na kutaga mayai mawili au matatu kila siku. Hupenda katikati ya vidole, viganja vya mkono, kiunoni, makalioni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Mgonjwa wa kawaida ana wadudu wazima wapatao 10 hadi 15 tu mwilini. Mwasho mkali, hasa usiku, hauletwi na meno yao bali na mwili unaowakataa wadudu, mayai na kinyesi chao.

Mwili huchukua wiki 4 hadi 6 kujifunza kuwakataa. Maana yake, anayeugua kwa mara ya kwanza anaweza kukaa mwezi mzima na wadudu bila kujikuna, huku akiwaambukiza wanaolala naye kitanda kimoja. Ndiyo maana haifai kumtibu mtoto mmoja anayejikuna na kuwaacha wenzake. Nyumba nzima ipakwe dawa siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, na kurudia kama mganga atakavyoelekeza. Nguo na shuka zifuliwe na kuanikwa juani. Mwasho unaweza kuendelea wiki mbili au tatu baada ya wadudu kufa. Hiyo si sababu ya kupaka dawa kila siku.

Tusiuone upele kuwa ni ugonjwa wa mzaha. Mtoto akijikuna anachana paa, bakteria wanaingia, vidonda vinatoa usaha, na baadhi ya bakteria hao wanaweza kusababisha ugonjwa wa figo. Mtoto aliyekuwa na vidonda vya upele akianza kuvimba uso asubuhi, au mkojo wake ukawa na rangi ya chai, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Visiwa vyetu vina habari njema ya kusimulia juu ya upele. Mwaka 2001 Zanzibar ilianza kuwagawia wananchi wa Unguja na Pemba vidonge vya ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka, ili kuzuia matende na mabusha. Ukiacha watoto wadogo, wajawazito na wagonjwa sana, watu wote waliombwa kumeza. Baada ya miaka michache, kumbukumbu za vituo vya afya zilipopitiwa, ilionekana kwamba wagonjwa wa upele nao wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Ivermectin iliyokusudiwa minyoo ya matende inaua pia mdudu wa upele, na watu wote walikuwa wamemeza pamoja. Nyumba moja nayo inaweza kufanya hivyo hivyo kwa dawa ya kupaka.

PUMU YA NGOZI NA PIKO

Wapo watoto ambao paa lao limezaliwa na makuti machache. Maji yanatoka, ngozi inakauka, vumbi na sabuni vinaingia na kuwasha seli hai za chini. Hii ndiyo pumu ya ngozi, na mara nyingi katika ukoo huo wapo wenye pumu ya kifua au mafua ya mara kwa mara. Haiambukizi. Matibabu yake ya kwanza ni kuziba paa: aoge upesi, kwa sabuni kidogo isiyo kali, kisha apakwe mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, mara mbili kwa siku au zaidi. Dawa ya kutuliza uvimbe hutolewa na mganga, kwa siku chache.

Wengine huugua kwa kugusa kitu kisichowapatana: saruji, sabuni ya unga, au rangi ya nywele. Hapa tunawaonya hasa mabinti wanaopambwa kwa ajili ya harusi. Hina ya majani ni nadra kudhuru. Lakini piko nyeusi, ambayo mara nyingi ni rangi ya nywele, inaweza kuleta malengelenge na makovu yenye umbo la ua lile lile lililochorwa. Mwenye kupata madhara mara moja asirudie, kwa maana mara ya pili huwa mbaya zaidi.

MAJIPU

Jipu hukaa kwenye mzizi wa unywele, ndani ya ngozi ya kati. Bakteria waliomo humo hawafikiwi na dawa ya kupaka. Likandwe kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu hadi liive. Lisikamuliwe kwa nguvu, hasa lililo puani au juu ya mdomo, kwa sababu mishipa ya damu ya hapo inawasiliana na ya ndani ya kichwa. Anayepata majipu mara kwa mara apimwe sukari.

UKOMA: BAKA LISILOHISI

Sasa tumefika kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1873 daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, aliona kwa hadubini bakteria wa ukoma katika vipande vya ngozi ya wagonjwa. Tangu hapo imejulikana kwamba ukoma si laana wala haurithiwi. Bakteria hawa hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na makao yao makubwa ni mishipa ya fahamu ya ngozi. Wakiiharibu mishipa hiyo, habari za moto na maumivu hazifiki kwenye ubongo.

Kwa hiyo alama ya kwanza mara nyingi ni baka lililofifia rangi, au jekundu kidogo, lisilowasha, lisilouma, na lililokufa ganzi. Mzazi analifananisha na mba. Lakini mba haiondoi hisia. Kipimo chake chaweza kufanyika nyumbani. Chukua unyuzi wa pamba au unyoya laini wa kuku. Mwonyeshe mtoto namna utakavyomgusa, kisha afumbe macho na aonyeshe kwa kidole kila mahali anapoguswa. Gusa ngozi nzima, kisha gusa baka. Kama haoni mguso kwenye baka, mpelekeni hospitali wiki hiyo hiyo. Hata akihisi, baka lisilopona kwa miezi lionwe na mganga.

Mwaka huo huo wa 1873 padri kijana wa Ubelgiji, Damiano, alifika kisiwa cha Molokai huko Hawaii kuwahudumia wakoma waliotengwa. Inasimuliwa kwamba baada ya miaka kama kumi hivi alitumbukiza mguu katika maji ya moto sana asisikie kitu, akatambua kwamba ameshikwa. Wakati huo hakukuwa na dawa. Alifariki mwaka 1889, na mwaka 2009 Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu.

Sisi hatuko katika hali ya Padri Damiano. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa za mchanganyiko. Humezwa kwa miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 shirika hilo linazitoa bure kwa nchi zote. Mgonjwa akishaanza dawa, baada ya muda mfupi haambukizi tena. Anakaa nyumbani, analala na familia yake, anakula sahani moja na wenzake na anakwenda kanisani. Moja ya dawa hizo huifanya ngozi kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Asiiache kwa sababu hiyo. Waliokaa naye nyumba moja nao wapimwe.

Kinachotisha ni kuchelewa. Ukoma hukaa mwilini kimya, kwa kawaida kama miaka mitano, na mara nyingine hata 20. Dawa huua bakteria, lakini mishipa ya fahamu iliyokwisha kufa hairudi. Mvuvi asiyehisi kamba ikimkata kiganja, au mama asiyehisi sufuria la moto, hupata kidonda juu ya kidonda mpaka vidole vinaharibika. Vidole havianguki kwa ukoma wenyewe. Vinaharibiwa na majeraha yasiyosikika. Familia inayomficha mtoto kwa kuogopa maneno ya jirani inampotezea mtoto huyo mikono yake.

KRIMU ZINAZOVUNJA PAA

Wapendwa, tunasema na wote, kina dada na kina kaka. Krimu nyingi zinazouzwa kwa jina la kung'arisha zina zebaki, haidrokwinoni au dawa kali za jamii ya steroidi. Zebaki na haidrokwinoni zimekatazwa katika vipodozi hapa nchini, lakini bado zinapenyezwa. Zebaki hupita kwenye ngozi na kudhuru figo, na mama humgusisha mtoto anayemnyonyesha. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha mabaka ya rangi ya bluu na nyeusi ambayo ni vigumu sana kutoka. Steroidi hukonda zile kamba za usumba, ngozi ikawa nyembamba, ikachanika ovyo na kuonyesha mishipa.

Tena steroidi zina hila. Ukipaka kwenye choa, mwasho unatulia siku mbili, unafurahi, huku fangasi wanatambaa na kuenea. Ndiyo maana ile tyubu ya nyumba nzima ni ya kuhofiwa. Steroidi ni dawa nzuri mikononi mwa mganga anayejua tabaka na siku za kutumia.

Aliyekwisha kuzitumia muda mrefu asiache ghafla bila kumwona mganga, wala asione haya kueleza ukweli.

NDUGU ZETU WENYE UALBINO

Kwa wale wasio na miavuli ya melanini, jua la pwani ni adui wa kila siku, nalo huleta saratani ya ngozi katika umri mdogo. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli ni dawa ya kwanza. Kule Moshi, katika Hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanza mwaka 1992, na hapo ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Walimu wawaweke watoto hawa mbali na dirisha lenye jua na karibu na ubao, kwa kuwa macho yao nayo ni dhaifu. Kidonda chochote kisichopona kwa mwezi mmoja kionwe na daktari.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Mara moja kila mwezi, mzazi atazame ngozi ya kila mtoto mahali penye mwanga, mgongoni na makalioni pia.
2. Kila baka lipimwe kwa unyuzi wa pamba.
3. Mmoja akiwashwa usiku na mwingine naye akaanza, fikirini upele, mtibiwe wote.
4. Mvuvi akitoka baharini aoge maji baridi, ajikaushe katikati ya vidole, apake mafuta kabla ngozi haijapasuka.
5. Dawa ya mgonjwa mmoja asipewe mwingine.
6. Msipake kwenye kidonda maji ya betri, mafuta ya taa, dawa ya meno wala majivu.
7. Nendeni hospitali bila kuchelewa mkiona baka la ganzi, malengelenge ya mwili mzima, vipele vyenye homa kali, wekundu unaoenea haraka au kidonda kisichopona.

NENO LA IMANI

Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 13, kuhani anaagizwa kuitazama ngozi ya mgonjwa kwa makini, asihukumu haraka, bali angoje siku saba na kutazama tena. Wataalamu wa Maandiko wanatueleza kwamba neno tunalolisoma kama ukoma lilijumlisha magonjwa mengi ya ngozi, hata madoa ya nguo na ya kuta za nyumba. Kwa hiyo tusimtwishe mgonjwa wa leo mzigo wa hukumu za kale.

Katika Injili ya Marko, sura ya 1, Bwana wetu alipojiwa na mkoma angeweza kumponya kwa neno tu, akiwa mbali. Lakini alinyoosha mkono akamgusa. Huenda mtu yule hakuwa ameguswa na binadamu kwa miaka mingi. Raoul Follereau, Mkatoliki wa Ufaransa, alianzisha Siku ya Wakoma Duniani mwaka 1954, nayo huadhimishwa Jumapili ya mwisho ya Januari. Parokia zetu zinaweza kuitumia siku hiyo kuwatembelea wagonjwa na kuwakumbusha wazazi kuwakagua watoto. Jirani zetu Waislamu nao wakaribishwe katika mafundisho ya afya, kwa maana bakteria hawaulizi dini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika nyumba zetu, dawa gani za ngozi tunazichangia, na nani alituandikia?
2. Je, tunamfahamu mtoto au mtu mzima mwenye baka ambalo halijapimwa? Nani atamsindikiza hospitali?
3. Tunawasaidiaje mabinti na vijana wetu wasione aibu kwa rangi waliyopewa na Muumba?
4. Mgonjwa wa ukoma akirudi kutoka kuchukua dawa, jumuiya itampokeaje?

Mwenyezi Mungu azilinde familia zenu. Tukutane toleo lijalo.